Upepo wa Ziwa

Kabla sijaenda mbali, mjue kwamba Musoki alikuwa mtu wa Katwe, na mtu wa Katwe ukimwuliza habari za upepo usitegemee jibu fupi. Mjini Kasese walimcheka sana kwa hilo. Unampita asubuhi, unamwambia leo kuna baridi, naye anainua uso, anafumba macho kidogo, kisha anakusomea upepo wote tangu alfajiri mpaka utakavyogeuka saa kumi. Wengine waliona ni maringo. Hayakuwa maringo hata kidogo. Alizaliwa penye vidimbwi vya chumvi, na pale upepo ndio unaoamua kama chungu kitakaa mekoni.

Mama yake alikuwa na vidimbwi viwili ukingoni mwa lile ziwa la chumvi. Jua likiwaka sawasawa, chumvi huganda juu ya maji, utando mwembamba kama ule wa uji uliopoa. Upepo ukija unausukuma utando wote upande mmoja, na mvunaji anatakiwa awe amekwisha kufika huko, maji mapajani, kibao mkononi. Kwa hiyo kila siku mama aliuliza swali moja: upepo wa wapi? Na jibu lilikuwa ni mahali pa kwenda kusimama. Upepo wa mlima, nenda upande wa mlima, chumvi inakuja huko. Upepo wa barabara, nenda upande wa barabara. Ulikotoka hakuna aliyejisumbua kuuliza, kwa sababu ulikotoka umeshaondoka. Ndivyo nyumba ile ilivyousema upepo, na Musoki akakua hajui kwamba duniani kuna watu wanaousema vingine. Lishikeni hilo, tafadhali, msije mkaniuliza mwishoni.

Aliolewa Kasese na Bwambale, mwashi mpole asiyependa makuu, na baada ya mwaka akapata kazi ya kufyeka nyasi kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji. Kiwanja chenyewe kilikuwa ukanda wa majani tu. Ncha moja ilitazama mlima wa Rwenzori, nyingine ilitazama upande wa ziwa. Siku ya kwanza alipewa slasha na kuonyeshwa mahali pa kuanzia. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu kitashuka kutoka juu.

Kilichoshuka kilikuwa ndege ya Philippe. Huyu Philippe alikuwa Mkongomani wa Butembo, Mkatoliki wa rozari mfukoni, aliyefundishwa urubani na mwenye shamba la kahawa alilokuwa akifanyia kazi. Vita vya mwaka sitini na nne vilipowafukuza kwao, wenzake walivuka mpaka na magodoro vichwani. Yeye alivuka na ndege. Tangu hapo akawa anabeba dawa, barua na mtu mmoja mmoja mwenye haraka, Kasese, Mweya, Bwera, popote palipofyekwa.

Ilikuwa ndege ndogo kabisa. Mifupa yake ilikuwa mabomba membamba, ngozi yake kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Siku Musoki alipoisogelea mara ya kwanza aliigonga ubavuni kwa kidole, ikalia kama ngoma. Akarudisha mkono haraka. Hii ni nguo, alijiambia, mtu anapanda mawinguni ndani ya nguo. Na kweli, ilipopasuka, Laurentine mke wa Philippe ndiye aliyeishona, kwa sindano, amekaa kwenye mkeka mlangoni pake.

Tangu siku hiyo hakuizoea. Wenzake walizoea, baada ya wiki mbili hawakuinua hata shingo. Yeye kila ndege ilipokuja alilaza slasha chini akasimama wima, kama watu wanavyosimama Injili ikisomwa. Alichokitazama hasa kilikuwa kule kutua. Siku tulivu, kitu kinashuka tu na kukaa. Siku ya upepo wa mikupuo mambo ni mengine. Mkupuo ukiingia, ndege inanyanyuliwa kama imekumbuka jambo huko juu. Ukikatika, inadondoka ghafla, na Philippe anaikamata. Bawa moja linainama upande wa upepo, gurudumu moja linagusa, halafu la pili, halafu mkia. Musoki aliona kwamba yule mtu anafanya kilekile alichofanya mama yake majini: anapigana na kitu ambacho hakionekani, na anajua kilipo. Machozi yalimtoka mara nyingine, asijue kwa nini, akasingizia vumbi.

Sasa, mlinzi wa kiwanja alikuwa askari jeshi, Koplo Lokwang, Mkaramoja mrefu aliyekaa kwenye kibanda cha mabati na simu ya upepo, maana ndivyo tulivyoiita redio yao, na mimi nasema jina hilo halikuwa baya. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kila neno amri. Wewe mama, toka njia. Wewe mama, kata ile. Lakini saa nne akinywa chai alimmiminia Musoki kikombe cha pili, na mkewe Acan, aliyeishi kambini na watoto wanne, alimletea mara kwa mara simsim, ule ufuta wa kusaga, kutoka kwao Acholi.

Ikafika Agosti ya mwaka sitini na saba. Ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia mlingotini kuonyesha upepo ulikuwa umechanika, na Laurentine alikuwa ameuchukua kwenda kuushona. Mchana upepo ukaanza kushuka kutoka mlimani kwa mikupuo mizito, ukatimua vumbi la barabara mpaka kiwanja kikawa hakionekani vizuri kutoka juu. Saa tisa ndege ikasikika. Philippe akauliza kwa simu, na Lokwang, masikio yamezibwa na vile visikilizio, akatoa kichwa dirishani.

"Wewe mama! Upepo gani?"

Musoki hakuhitaji kufikiri. Upepo ulikuwa unatoka mlimani unakwenda ziwani.

"Upepo wa ziwa," akasema.

Lokwang akalipeleka neno kama alivyolipokea, na kuliandika kwenye daftari na saa yake. Na Philippe kule juu, ndani ya vumbi, akasikia upepo wa ziwa, akaelewa kile ambacho kila rubani angekielewa: upepo unatoka ziwani. Ndege hutua ikiukabili upepo. Basi akazunguka, akauelekeza uso wa ndege ziwani, na upepo wote wa Rwenzori ukawa mgongoni mwake.

Musoki aliiona ikija na akajua kuna kitu hakiko sawa, ila hakujua nini. Ilikuwa na mbio za ajabu. Kivuli chake kilipita juu ya majani kabla hajamaliza kulaza slasha. Ikavuka nusu ya kiwanja bado inaelea, haitaki kukaa. Ikagusa, ikaruka, ikagusa tena. Hapo mkupuo ukaja kwa nyuma. Aliuona ukija kwenye majani, mstari uliolala chini, ukikimbia. Ukaushika mkia ukaunyanyua, bawa la kulia likapanda, la kushoto likachimba ardhi, na ndege yote ikapinduka juu chini mbele ya macho yake. Hapakuwa na kishindo kikubwa. Palikuwa na sauti ya shuka likipasuliwa, ndefu, kisha kimya, na magurudumu mawili yakizunguka hewani.

Philippe alikuwa ananing'inia kichwa chini, mikanda imembana, anasali kwa Kifaransa. Lokwang aliikata mikanda kwa singe na kumpokea mabegani. Mguu ulikuwa umevunjika mara mbili. Musoki alibaki amesimama, na jambo lililomtisha kuliko damu ni kwamba upepo uliofanya yote hayo uliendelea tu kupita kwenye nywele zake, mwepesi, kama haukufanya kitu.

Baada ya siku nne akaja mkubwa mmoja wa jeshi kuuliza. Daftari lilisema upepo wa ziwa. Rubani, akiwa kitandani hospitalini, alisema aliambiwa upepo wa ziwa. Na mji mzima ulikuwa na vumbi la mlimani machoni, kwa hiyo hapakuwa na ubishi: koplo alidanganya, au alikuwa amelewa, au alitaka kuua. Lokwang alipoulizwa nani alimwambia, alijibu kwamba simu aliishika yeye. Wakamweka mahabusu ya kambi wakisubiri kumvua cheo na kumfukuza, na pengine kumpeleka mbele zaidi.

Musoki alikwenda kumpa Acan pole, akamkuta anafunga masufuria kwenye shuka. Walikuwa wameambiwa watoe vitu nyumbani kabla ya Jumamosi. Acan alisema hamwelewi mumewe, mtu asiyeonja pombe, anaandikaje upepo wa ziwa wakati upepo ulikuwa wa mlima.

"Lakini ulikuwa wa ziwa," Musoki akasema.

"Ulitoka mlimani, dada. Kila mtu aliuona."

"Ndiyo, ulitoka mlimani. Ndiyo maana ni wa ziwa."

Acan akaacha kufunga. Wakatazamana. Na hapo, jamani, hapo ndipo Musoki alipohisi ardhi ya chumba kile ikimtoka miguuni, kwa sababu alikiona kile kijineno, kile "wa", kidogo kuliko vyote, kikiwa na ncha mbili, na yeye maisha yake yote alikuwa ameshika ncha moja tu. Mtu alikuwa na mguu vipande vitatu. Mwingine alikuwa nyuma ya vyuma. Na aliyelisema neno alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, akila simsim ya mwenye nyumba.

Bwambale alimsihi asiende. Hawa ni wanajeshi, alisema, wataelewana wenyewe. Wewe ukijitia humo watasema ulitumwa kuiangusha. Hakuwa mwoga bure, mume yule, alikuwa anampenda. Musoki alimsikiliza mpaka mwisho, akajitanda khanga, akachukua beseni, akatoka.

Langoni walimzuia. Akasema ana habari za ndege, wakampitisha. Mkubwa alikuwa mezani, na Lokwang alisimamishwa pembeni bila mkanda na bila kofia. Musoki aliomba maji. Askari wakacheka, lakini maji yakaletwa. Akayamimina kwenye beseni, akatupia majani makavu ya chai aliyoyafunga kwenye pindo la khanga, akapiga magoti akapuliza. Majani yote yakakimbilia ukingo wa mbele, upande wa mkubwa.

"Afande, hii ndiyo chumvi. Ungekuwa unavuna, ungesimama wapi?"

Mkubwa akaonyesha ukingo wa upande wake.

"Basi kwetu huo ni upepo wako, japo umetoka kinywani mwangu. Huyu koplo aliniuliza mimi. Neno ni langu, na sikujua kama linaua."

Yule mkubwa akainama, akapuliza yeye mwenyewe, akatazama majani yakirudi. Akapuliza tena. Alikuwa mtu mwenye nyota mabegani, na kwa muda ule alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa kupita umri wake. Kisha akakaa sawa na kutoa amri mbili. Koplo arudishiwe mkanda. Na huyu mama asikanyage tena kiwanja, wala asitaje upepo mbele ya mtu yeyote wa ndege, maisha yake yote.

Nje, Lokwang alimfuata hatua chache. Musoki alimwuliza kwa nini hakumtaja.

"Mwanamke wa slasha," Lokwang akasema. "Wangekufunga kwanza, waulize baadaye."

Musoki alifurahi kwa ajili yake, furaha ya kweli. Lakini msijidanganye kwamba hakuumia. Walimnyang'anya kile kitu alichokipenda kuliko vyote alivyowahi kuviona, na haki walikuwa nayo. Mbaya zaidi, hakwenda hospitalini kumwona Philippe. Alifika mpaka mlangoni mara mbili na kurudi. Angemwambia nini? Samahani, mimi ndiye niliyekuvunja kwa neno moja?

Mwaka uliofuata Bwambale alipata kazi ya kujenga Bwera, wakahamia huko. Musoki akawa anauza chumvi ya kwao Katwe sokoni, karibu na mpaka, jirani yake wa meza akiwa Esperance, mama wa Kikongomani aliyevuka na mabeseni ya unga wa muhogo. Na akakaa kimya. Ukimwuliza kama mvua itakuja anasema Mungu anajua. Ndege ilishonwa ikapona. Laurentine aliitia viraka mpaka ikawa na rangi tatu, nayo ikaanza kupita tena juu ya vilima. Asubuhi tulivu ilitua hata pale Bwera, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Ikipita, Musoki aliinama akapanga chumvi iliyokwisha kupangwa. Miaka miwili hakuinua uso.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko, Julai ya mwaka sabini, baada ya saa nane. Upande wa Kasese mbingu ilikuwa nyeusi tii, mvua ya mawe huko. Bwera kulikuwa kukavu, ila upepo ulikuwa unashuka kutoka vilima vya Kongo kwa mikupuo, unavuka mto Lubiriha na kubeba kofia za watu. Ndege ikatokea, chini chini, ikazunguka uwanja wa mpira mara moja. Ikazunguka mara ya pili. Watu wakashangilia, wakidhani Philippe anawachezea. Ikazunguka mara ya tatu, na Musoki akasimama, kwa sababu yeye alijua. Kule Kasese hawezi kurudi. Hapa hakuna mlingoti, hakuna mfuko, hakuna simu. Mtu anazunguka hivyo anapouliza. Alikuwa anauliza upepo gani, na kwa vile alivyoanza kujipanga kutoka upande wa Kongo, mgongo kwa upepo, alikuwa anakaribia kujibiwa vibaya kama mara ya kwanza.

Alikuwa ameamriwa asiutaje. Basi hakuutaja. Alilinyakua beseni la Esperance, unga na kila kitu, akakimbia. Esperance akamfuata akipiga kelele kwamba mutu huyu iko na wazimu. Musoki akafika katikati ya uwanja, mbuzi wakatawanyika, akachota kwa mikono miwili akarusha juu.

Unga ukapaa. Mkupuo ukaushika ukauvuta kuwa mkia mweupe mrefu, kutoka Kongo kuelekea Katwe, ukakaa hewani kiasi cha mtu kuusoma. Upepo, ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona, ulikuwa pale na umbo lake. Ndege iliyokuwa imeanza kushuka ikanguruma, ikapanda, ikageuka, ikaja kwa ncha ya pili, uso kwa Kongo.

Bado haikutosha. Upepo wa mikupuo una nafasi kati ya pigo na pigo, na Musoki aliijua nafasi hiyo tangu utotoni. Ndipo utando unaposimama na mama anaposema chota. Akawa anarusha na kuhesabu moyoni. Mkia mrefu: usije. Mkia mrefu tena: usije. Ndege ilikuja mara moja, ikapigwa, bawa likapanda vilevile kama siku ile, na Philippe akaitoa hapo kwa namna ambayo Musoki hataweza kuieleza mpaka kufa, akaipeleka tena juu ya miti. Akarudi. Musoki akarusha unga wa mwisho, nao ukapanda, ukasita, ukamshukia yeye mwenyewe kichwani, wima.

Gurudumu moja. La pili. Mkia. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikapunguza, ikasimama hatua kumi mbele ya goli, na mkupuo uliofuata ukapita juu yake umechelewa.

Philippe alishuka akichechemea. Musoki hakuwa na pa kukimbilia, mweupe kichwa hadi miguu, beseni tupu mkononi. Aliyasema yote kwa pamoja, kwamba siku ile, lile neno, lilikuwa lake.

"Najua, mama. Lokwang aliniambia nikiwa mu opitali," Philippe akasema. "Mi nilikuwa nakungoja tu ukuye."

Nyuma ya Philippe, kwenye kile kiti cha pili, mtu mrefu alikuwa anajikunjua polepole, amekumbatia betri ya redio ya kituo cha jeshi cha Bwera, uso umempauka kwa hofu. Lokwang aliiweka betri chini, akavuta kofia. Kisha akachomoa daftari na kalamu mfukoni.

"Wewe mama," akasema, na sauti haikuwa ya kambini hata kidogo. "Upepo gani?"

Musoki akainua uso. Akafumba macho kidogo.

"Unatoka Kongo, afande. Unakwenda Katwe."

Lokwang akaandika yote mawili.